Faini ya kuchelewa kazini: nini kinakatwa kihalali kwenye mshahara na nini hakikatwi

Madukani, hotelini, kwenye viwanda vidogo na shule binafsi, utakuta tangazo ukutani: atakayechelewa atakatwa Sh 10,000. Wafanyakazi wamelizoea mpaka wanaliona ni sheria. Kwa Tanzania Bara, suala hili linasimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004 (Zanzibar wana yao, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005). Makato yanayoruhusiwa yametajwa kwenye kifungu cha 28, na faini ya kuchelewa haimo.

Yanayoruhusiwa ni haya: makato yanayotokana na sheria, kama kodi ya mapato na michango ya NSSF, yaliyo kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) au amri ya mishahara, yaliyoamriwa na mahakama au tuzo (hukumu ya msuluhishi wa mgogoro), na deni ambalo mfanyakazi mwenyewe ameridhia kwa maandishi akatwe. Hapo kwenye deni ndipo faini zinapopenyezwa. Unasainishwa mkataba wenye kipengele cha "nakubali kukatwa nikichelewa", kisha unaambiwa uliridhia. Lakini deni ni hela uliyokopa, au hasara uliyoisababisha. Adhabu haigeuki kuwa deni kwa sababu tu kuna saini yako chini yake.

Hata hasara ya kweli ina masharti yake. Keshia akipungukiwa Sh 80,000, mwajiri hawezi kuzikata mwisho wa mwezi kimyakimya. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Apewe maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na hesabu ilivyofikiwa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Asidaiwe zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Tabia ya kugawanya upungufu wa hesabu za stoo kwa wafanyakazi wote wa zamu inakwama kwenye sharti la kwanza kabisa: kosa ni la nani? Kama haijulikani, hakuna wa kumkata.

Sasa tuje kwenye dakika zenyewe. Mwajiri halazimiki kulipia muda ambao hukufanya kazi, na hili wafanyakazi wengi hawalipendi. Ila akitaka kupunguza, apunguze muda ule ule uliokosekana. Sheria ina jedwali la kupata thamani ya saa moja: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya saa za kawaida za wiki. Chukua mshahara wa Sh 390,000 na wiki ya saa 45. Saa moja inakuja kama Sh 2,000, kwa hiyo dakika 40 za kuchelewa ni kama Sh 1,330. Ile faini ya Sh 10,000 imebeba saa tano. Kama ofisi yenu inafanya kazi saa 40 kwa wiki, saa moja inapanda hadi Sh 2,250, maana mshahara ni ule ule na saa ni chache.

Kwa siku nzima, gawa mshahara wa wiki kwa siku unazofanya kazi. Kwa wiki ya siku sita, mfano wetu unatoa Sh 15,000 kwa siku. Kwa siku tano, Sh 18,000. Wahasibu wengine hugawanya mwezi kwa 30 wanapolipa na kwa 22 wanapokata. Omba hesabu uione.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi upande wa pili, na hapa ndipo waajiri wengi wanakuwa wepesi wa kusahau. Ovataimu ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida, yaani Sh 3,000 kwa mfano wetu. Inahitaji makubaliano, na haizidi saa 50 kwa mzunguko wa wiki nne. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Mashine ya alama za vidole inayoona dakika tano za kuchelewa asubuhi inaona pia dakika 70 ulizobaki jioni. Mameneja wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawamo kwenye masharti haya ya saa.

Kuchelewa ni suala la nidhamu: onyo la mdomo, onyo la maandishi, na kadhalika, kulingana na kanuni za mahali pa kazi. Utoro ni mzito zaidi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 (GN 42) zinautaja utoro wa zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa au sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Linaweza, si kwamba ajira inakufa yenyewe siku ya sita. Barua za "umejifukuzisha kazi" zinaangushwa hapo. Bado inatakiwa uchunguzi, tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kwa kawaida, na kikao ambacho mfanyakazi anaweza kwenda na mwenzake au mwakilishi wa chama. Akisimamishwa kupisha uchunguzi, analipwa mshahara kamili.

Ugonjwa si utoro, ila bila cheti cha daktari unageuka kuwa utoro haraka sana. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Tuma ujumbe siku ile ile, hata kwa simu ya ndugu, kisha fikisha ED (cheti cha daktari cha kupumzishwa kazi) na ubaki na picha yake. Kosa la kawaida ni kumwambia msimamizi kwa mdomo tu. Akihama au mkikosana, umebaki bila ushahidi.

Umekatwa tayari? Andika barua fupi kuomba mchanganuo, ambatisha hati ya malipo ya mwezi huo, na omba sahihi ya mpokeaji kwenye nakala yako. Usipojibiwa, chukua fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), mfikishie kwanza mwajiri nakala, halafu uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Madai ya mshahara yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Kuachishwa kazi isivyo halali kuna siku 30. Ukipitiliza, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa. Na kama hujawahi kupewa mkataba wa maandishi, usirudi nyuma kwa hofu hiyo: mwajiri akishindwa kuutoa, mzigo wa kuthibitisha au kupinga masharti yanayodaiwa unakuwa wake.