Neno "haya" kwenye kauli ya 31

Julai 2014 tulikuwa Pangani, tukijaribu dodoso la tabia kabla ya utafiti wenyewe kuanza. Lilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya Big Five Inventory: kauli 44, na mtu anajibu kwa namba, 1 ikiwa sikubaliani kabisa na 5 nakubaliana kabisa. Kauli 8 zinapima uchangamfu, 9 upole kwa wenzake, 9 bidii na utaratibu, 8 wasiwasi, 10 udadisi wa mambo mapya. Kati ya hizo 44, kauli 16 zimegeuzwa makusudi. Kwenye uchangamfu, kwa mfano, kuna "mwongeaji" na kuna "mkimya". Jibu la kauli iliyogeuzwa hutolewa kwenye 6 kabla ya kujumlisha, kwa hiyo 5 inakuwa 1 na 2 inakuwa 4.

Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ungo wa mchele mapajani, akichambua chuya. Tulimwamkia, akaitika marahaba, mdadisi akaanza kusoma. Kila kauli bibi alijibu bila kuinua macho. Ilipofika kauli ya 31, "Mimi ni mtu mwenye haya wakati mwingine", mkono ukasimama juu ya ungo.

"Wakati mwingine? Mwanangu, unataka niseme kuna wakati sina haya?"

Mdadisi akaandika 5. Hakuwa na la kufanya zaidi, maana dodoso halikumpa nafasi. Lakini kosa lilikuwa letu, wala si la bibi. Kauli ile iliulizia aibu ya kuzungumza mbele za watu, nayo ni miongoni mwa zile zilizogeuzwa: anayekubali anapunguziwa uchangamfu. Kwa Mswahili, haya ni adabu, ni heshima ya mtu. Kumwambia mtu mzima hana haya ni kumtukana.

Tafsiri rejea haikulinasa kosa hilo. Mtu wa kwanza alitoa Kiingereza akaleta Kiswahili, wa pili akarudisha Kiswahili kwenye Kiingereza bila kuona matini ya awali, na likarudi neno lilelile tuliloanza nalo. Ni kawaida: wote wawili wamesoma, kamusi yao kichwani ni moja. Tafsiri rejea inaonyesha kwamba neno linarudi lilikotoka. Haionyeshi anayelisikia barazani analielewaje.

Jioni tulimwaga madodoso yote mezani tukayapitia kauli moja moja. Kauli ya 31 ilikuwa 5 karibu kila karatasi, na kauli ambayo watu wote wanaijibu sawasawa haipimi chochote. Kauli ya 27, inayotaka kumjua mtu asiye na ukunjufu, ilikuwa imetafsiriwa "mtu aliyepoa". Aliyepoa kwetu ni mtulivu asiye na makuu, basi watu wakaikubali kwa furaha, nasi tukawapunguzia alama za upole kwa kujisifu upole.

Iliyotuchosha zaidi ni ya 24, "hakasiriki upesi". Mmoja anajibu "Ndiyo", mwingine "Hapana, sikasiriki". Maana ni moja, lakini mdadisi mmoja kaandika 5 na mwenzake kaandika 1. Ukanushi ndani ya kauli ni sumu kwa dodoso la kusomewa kwa Kiswahili. Kauli kama hiyo ni ya kuandikwa upya kwa uyakinishi, "hutulia hata akiudhiwa", na wala haifai kuiachia busara ya mdadisi.

Tena kulikuwa na waliokubali kila kitu. Mgeni amekuja nyumbani, utamkatalia mara ngapi? Mtu akitoa 4 kwa "mwongeaji" na 4 kwa "mkimya", ya pili inageuka 2, wastani 3. Ukiwa na wengi wa namna hiyo, kila mtu anaonekana wa katikati na alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi kauli za tabia moja zinavyokubaliana, inaporomoka chini ya 0.70 inayotakiwa kwa kawaida. Tatizo hili si la Pangani tu. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 94,000 waliohojiwa ana kwa ana katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, na maswali ya tabia kwa jumla yalishindwa kupima yaliyokusudiwa.

Usiku ule tulifanya mawili. Swali tukaligawa: kwanza "inakuhusu au haikuhusu?", kisha "sana au kidogo?". Asiyeweza kuchagua anapewa 3. Hilo lilipunguza ndiyo za heshima, ingawa halikuzimaliza. Pili, maneno ya sifa na ya lawama tuliyatoa, tukaweka tendo linaloonekana. Kauli ya 31 ikawa: "Huona ugumu kuzungumza mbele ya watu asiowazoea."

Asubuhi tukarudi kwa bibi, tukamsomea hiyo mpya, tukamwomba atueleze kwa maneno yake ameelewa nini kabla ya kujibu.

"Kama naogopa kusema kwenye mkutano," akasema. "Mimi? Hainihusu hata kidogo. Mwenyekiti mwenyewe anajua."

Mdadisi akaandika 1. Ikigeuzwa, ni 5.