Siku yangu na insha ya biashara ya kimataifa: "sarufi tu"

Saa 2 asubuhi. Nafungua laptopu nakuta insha ya mwanafunzi wa uchumi mwaka wa kwanza, kurasa sita, na ujumbe: "Shikamoo mwalimu, naomba unirekebishie sarufi tu." Hiyo "tu" naijua vizuri mimi.

Saa 3. Nasoma yote bila kugusa kitu, maana nikianza mapema najikuta nahangaika na mkato kwenye sentensi ambayo baadae inafutwa nzima.

Saa 4. "Ushuru zinapanda", narudisha unapanda, makosa ya ngeli yanaenda fasta. Afu nakutana na hii: "Uingereza ikiiuzia Ureno nguo inafaidika kwa sababu inatumia nguvu kazi ndogo." Nani sasa anatumia ndogo? Nchi zote mbili zinabeba i- ileile, msomaji anabaki kubahatisha. Namwandikia pembeni, taja nchi kwa jina, kurudia sio dhambi.

Saa 5 na nusu. Kajibu: Uingereza. Eeh, kumbe shida sio sarufi. Mfano ni wa mchumi Muingereza David Ricardo, 1817, kipimo cha nguo Uingereza kinataka kazi ya watu 100 kwa mwaka na mvinyo 120, Ureno nguo 90 mvinyo 80. Yani Ureno inashinda kotekote, kachanganya faida kamili (kutumia kazi kidogo kuliko mwenzako) na faida linganishi (kujinyima kidogo kuliko mwenzako), na ile i- ikamfichia siri. Nikampigia.

"Ureno ikitengeneza nguo moja inajinyima mvinyo kiasi gani?"

Kimya. Tukapiga hesabu wote, 90 gawa kwa 80, zaidi ya kipimo kimoja, Uingereza ni 100 kwa 120, haifiki kimoja, kwahiyo nguo aachiwe Muingereza japo ni mzito kuliko Mreno. Kila nchi ikijitengenezea vyote viwili jumla ni kazi ya watu 390, zikigawana, Uingereza nguo mbili Ureno mvinyo mara mbili, inakuwa 360.

"Aaah, kumbe mwalimu!"

Aya akaiandika upya mwenyewe, mi sikugusa hata nukta, na imenyooka kuliko ningeinyoosha mimi.

Saa 8 mchana. "Ushuru unalipwa na nchi inayouza." Sarufi safi kabisa, maana ndo imepotea. Anayetoa hela forodhani ni mwagizaji, baadae ndo mzigo unasogea, sehemu kwa mteja kupitia bei, pengine sehemu kwa muuzaji wa nje akikubali kushusha bei yake. Sijamsahihishia, nimeacha swali: nani hasa anaulipa?

Saa 10. Neno faida mara nne kwenye sentensi moja, mara ya kampuni, mara linganishi, mara manufaa ya nchi. Nimezipigia mstari zote nne, achague.

Saa 12 jioni. Faili linarudi kwake, limebaki kurasa tano. Dakika kumi tu: "Mwalimu mbona hitimisho lina mstari mwekundu lote?" Linarudia utangulizi neno kwa neno, nikamwambia, na bado lina ule ushuru wa nchi inayouza.