Mstari Uliolala Chini

Machi 2017 Kilifi ilikuwa tanuri, ila sisi wa maabara ya molekuli tulishinda na masweta kwa ajili ya viyoyozi. Mjini watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna vijana wanadungwa malaria kwa hiari yao. Hawakukosea. Watu wazima, wengi wao walioumwa na mbu wa huku tangu utotoni, walidungwa kwenye mshipa wa damu sporozoiti 3,200, yaani vimelea wa malaria wa hatua ile inayoletwa na mbu, kisha wakakaa hosteli chini ya macho ya madaktari. Kilichotafutwa ni mwili upi utawazuia vimelea, na kwa silaha gani.

Kuanzia siku ya 8 damu ilitolewa asubuhi na jioni, na kila sampuli ikaja kwetu. PCR, kipimo kinachozidisha DNA ya vimelea mpaka ionekane, ikionyesha vimelea 500 kwa mikrolita moja ya damu, mshiriki anapewa dawa hata kama anajisikia mzima. Hadubini peke yake isingetosha kufuatilia jambo hili tangu mwanzo, maana vimelea wakiwa wachache mno humpita hata msomaji wa slaidi aliyezeeka kazini. Ndiyo maana daktari wa zamu hakulala mpaka tumpigie simu.

Kuna mshiriki mmoja, kwetu nambari tu, aliyetukosesha raha. Wenzake idadi ya vimelea ilikuwa ikipanda, wakatibiwa. Yeye vimelea walionekana kidogo asubuhi, jioni wakapanda, kesho yake wakashuka. Usiku wa siku hiyo sahani ya PCR yenye vishimo 96 vya sampuli ilipomaliza mizunguko, mstari wake kwenye grafu, ambao hupanda DNA ya vimelea ikiwepo, ulikuwa umelala chini kabisa, sawa na wa maji matupu tunayoweka kama kontroli, yaani ya kulinganishia.

"Rudia," akasema dada aliyesimamia zamu. "Na si PCR tu. Toa DNA upya kwenye damu iliyobaki."

"Dada, saa nne hii."

"Naiona. Sasa daktari nimwambie nini? Hakuna vimelea, au DNA ilitupotea njiani?"

Nilinuna, lakini alikuwa na haki. Chanya hujisemea yenyewe. Hasi lazima uitetee. Nikatoa DNA upya, na kando yake nikaweka damu tuliyojua ina vimelea kiasi gani. Damu ile ikapanda ilivyotakiwa. Ya kijana wetu, kimya.

Dada akanipa simu nizungumze mwenyewe.

"Hana kitu, daktari."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Tumerudia toka mwanzo."

"Basi sawa. Maana huyu bwana hapa amemaliza sahani ya wali na anauliza mpira unaanza saa ngapi."

Hata hivyo hatukuruhusiwa kushangilia. Huenda alimeza dawa za malaria kabla ya kuja, au vimelea tuliowaona walikuwa wake wa nyumbani, si wale aliodungwa. Baadaye damu za washiriki zilipimwa dawa kama lumefantrini, na jeni za vimelea zikalinganishwa na za aina iliyodungwa. Wapo walioondolewa kwenye hesabu kwa sababu hizo mbili. Yeye alibaki.

Seramu yake, yaani majimaji ya damu yenye kingamwili, protini za mwili zinazopigana na vimelea, ilikuwa tayari kwenye friza. Hapohapo Kilifi wenzetu walikuwa wakitengeneza KILchip, kioo kidogo kilichopangwa protini zaidi ya 100 za vimelea, kinachoonyesha kingamwili za mtu zinashika zipi. Kwa watu wa aina yake, kazi ngumu ndiyo ilikuwa inaanza.