Malori Yenye Adabu

Neema amerudi kutoka Bahi na swali. Alipanda mbele na babu yake usiku, na kwa kuwa macho ya mtoto huyu hayatulii, aliikagua dashibodi yote. "Baba, ile taa ya buluu ya fuli kwenye gari la babu mbona inawaka kama inaogopa?" Nikamwambia akalale, kesho shule. Mama yake akacheka huko jikoni, kicheko cha mtu anayeijua kesi yote.

Neema kalala. Mimi ndiyo sijalala, kwa hiyo acha niisimulie.

Hilux ya mzee, baba mkwe wangu, mnaijua, ile ambayo rangi nyeupe imebaki kwenye kadi tu. Taa zake za mbele zilikuwa halojeni za kawaida, wati 55 dimu (mwanga wa chini), wati 60 fuli (mwanga wa juu, wa mbali), mwanga wa njano uliochoka. Mzee hutoka Bahi saa kumi alfajiri na magunia ya mchele kuja soko la Majengo hapa Dodoma mjini, na njia nzima anapishana na malori yanayokwenda Singida, mengine Rwanda na Burundi, yenye taa za kukufanya usione ukingo wa lami. Akaona dawa ya moto ni moto. Akaingia duka moja la spea mjini, akatoka na balbu za LED kwa bei ya mbuzi wa maana pale mnadani Msalato. Boksi limeandikwa lumeni 20,000, lumeni ni kipimo cha mwanga. Balbu ya kawaida ya H4, aina ya zile halojeni zake, hutoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fuli, kwa hiyo nadhani hizo elfu ishirini zilibaki kwenye boksi. Juu yake akauziwa mkanda wa waya wenye rilei mbili, yaani swichi zinazovutwa na umeme, eti waya za zamani hazitahimili. LED inakula umeme kidogo kuliko halojeni, lakini tuyaache, hela ilishatoka.

Wakamfungia hapohapo. Hazikuwaka. Fundi akabadilisha fyuzi, akasema ni betri, akapima betri ikawa nzima, akasema basi ni swichi, halafu akakumbuka kwamba ana msiba.

Jioni ile mzee akaingia kwangu Nkuhungu akiwa na taa ndogo tu na mwanga wa mwisho wa jua. Alikuwa ameshawatangazia huko mjini: mkwe wangu ana mita ya kupimia umeme. Mita ninayo kweli, niliinunua wakati nafunga sola. Sikuwa na hoja nyingine ya kujitetea.

Ilikuwa Juni. Mnajua baridi ya Dodoma mwezi wa sita inavyokuja na upepo wake na vumbi lake. Nilitaka Mama Neema anishikie tochi, mzee akaichukua. Nikamletea kiti, akakataa. Sasa waliooa watanielewa: unamwinamia nani, gari au baba mkwe? Unamwambiaje mzee kama yule asogeze mkono? Halafu ana tabia, naye si peke yake, ya kumulika anapotaka kuona yeye, si pale unapofanyia kazi. Alikuwa amegundua maganda ya mpunga yamejaa kwenye rejeta, basi tochi ikahamia huko, na kila ganda likapata zamu yake.

Nikaanza na yale ya kawaida. Betri, volti 12.5. Fyuzi nzima. Nikachomoa ule mkanda mpya, nikarudi kwenye soketi ya gari yenyewe, ile ya pini tatu, ambayo vumbi lilikuwa limeganda humo na mafuta hadi nikalikwangua kwa ncha ya bisibisi. Nikamwomba Mama Neema aingie ndani awashe taa, aache kwenye dimu. Karatasi iliyokuja na mkanda ilionyesha kwamba pini moja ni ya bodi, chuma cha gari, yaani hasi, na mbili zinapokea chanya, moja ya dimu na nyingine ya fuli. Nikaweka ncha nyeusi ya mita kwenye hiyo ya bodi, nyekundu kwenye ya dimu.

Nikaona 12.3. Nikashukuru Mungu. Umeme umefika, kwa hiyo ubovu uko kwenye mkanda wao, kesho mzee arudishe, sisi tukale.

"Baba, naomba mwanga hapa kidogo."

Tochi ikaacha maganda ya mpunga, ikaja kwenye kioo cha mita. Mbele ya ile 12.3 kulikuwa na kistari. Kidogo tu, chembamba, nusu yake imefichwa na ukingo wa plastiki. Nilikifuta kwa kidole nikidhani ni uchafu. Hakikutoka. Nikaondoa ncha, nikarudisha. Kistari kikarudi.

"Umeme upo?" mzee akauliza.

"Upo, baba."

"Sasa?"

"Umekuja kinyume."

Akanyamaza kidogo. Upepo ukapita chini ya boneti. "Kinyume na nani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza jioni ile. Nikahamisha ncha nyeusi, nikaigusisha kwenye boliti ya bodi, nikapima pini moja moja. Ile ambayo karatasi iliiita ya bodi ndiyo iliyokuwa na 12.3, chanya safi. Ya dimu, sifuri. Nikamwambia Mama Neema aweke fuli: ya dimu ikaachiwa, ya fuli ikawa ndiyo imeshikana na bodi.

"Kinyume na karatasi, baba."

"Basi karatasi ndiyo mbovu," akasema, na tochi ikarudi kwenye maganda.

Alikuwa sahihi, na gari halikuwa na ubovu wowote. Magari mengi hasi ya taa inakaa kwenye bodi muda wote, swichi inapeleka chanya. Toyota nyingi za zamani zimegeuza: chanya inafika kwenye taa zote mbili, na swichi ya dimu na fuli kazi yake ni kuchagua waya upi uguse hasi. Balbu yenye waya mwembamba ndani haijali, umeme upite kushoto au kulia itawaka tu, ndiyo maana miaka yote hakuna aliyejua. Rilei inajali. Upande mmoja wa koili (waya uliozungushwa unaoivuta swichi) ya rilei za mzee ulikuwa umefungwa kwenye bodi kama karatasi ilivyoagiza, na upande wa pili ulikuwa unasubiri chanya kutoka kwenye waya wa dimu. Waya wa dimu unaleta hasi. Hasi na hasi zinaangaliana, rilei itavutwa na nini? Yule fundi angeweza kubadilisha fyuzi hadi Krismasi.

Nikakata waya nyeusi ya koili iliyokuwa imebanwa kwenye bodi, nikaiunga kwenye ile pini ya chanya, nikafunga tepu. Nikaweka kidole gumba juu ya rilei. "Washa, Mama Neema."

Tak.

Kile kishindo nilikisikia kwenye kidole kabla ya sikio. Ukuta wa jirani ukawa mweupe, mbwa akabweka, na jirani mwenyewe akatokeza kichwa akauliza kama kuna mkutano wa kampeni. Mzee alikuwa amesimama mbele ya gari lake mwenyewe, kivuli chake kimepanda ukutani hadi kwenye mabati. Hakusema kitu. Alizima tochi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Balbu moja ilikuwa imefungwa imelala vibaya, zile chipu zinazotoa mwanga zikiangalia juu na chini badala ya kushoto na kulia, nikaizungusha. Nikasogeza gari mita 5 kutoka ukutani, nikachora mstari kwa chaki ya Neema, nikashusha taa hadi ukingo wa mwanga ukae sentimita 5 chini ya urefu wa balbu. Gari lilikuwa tupu, mchele ulishauzwa asubuhi. Ile taa ya buluu ndiyo iliyokataa. Kwenye gari hili umeme wake ulikuwa unapitia kwenye waya wa dimu ndani ya balbu ya halojeni, na balbu hiyo sasa haipo. Ikabaki kupata kinachovuja kupitia koili ya rilei, nusu ya haki yake. Neema, hilo ndilo jibu lako, utalisoma ukikua. Mzee alisema taa ya buluu haimsaidii kuona barabara. Akala ugali, akaondoka kwenda Bahi usiku uleule, wakati mpango ulikuwa alale.

Miezi ikapita. Hakuna habari ni habari njema, nikajua taa zinafanya kazi.

Ikaja sikukuu, tumekaa Bahi uani, sahani ziko mapajani, na mzee akaanza kunisifia mbele ya wageni. Kusifiwa na baba mkwe si jambo la kila mwaka, nikaweka mfupa chini.

"Tangu Baba Neema anitengenezee zile taa," akasema, "barabara imepata adabu. Nikitoka hapa alfajiri, kila lori ninalopishana nalo linanisalimia. Linawasha fuli, linazima, linawasha. Mengine yanasalimia mara tatu."

Kuna shemeji yangu mmoja ni utingo wa lori. Aliangalia sahani yake kwa makini sana.

"Ila wale wanaotoka Singida," mzee akaendelea, "hao hawana adabu. Nikirudi usiku hapana hata mmoja anayenisalimia. Nadhani safari inawachosha."

Kwanza nilifikiri ni taa ya buluu, kwamba anasahau fuli kwa kuwa haimwambii. Lakini angeisahau kwenda na kurudi. Anapokwenda kuna magunia, anaporudi hakuna. Hilux ikibeba mchele inakaa kitako, pua inapanda, na mwanga nilioupima gari likiwa tupu unapanda nao hadi kwenye vioo vya malori. Ongeza kwamba kioo cha taa ile kilitengenezwa kwa waya mmoja mwembamba wa halojeni, LED ikikaa humo inamwaga mwanga hadi kusikotakiwa. Wale madereva wa Rwanda hawakuwa wanamsalimia mzee. Sitaandika walichokuwa wanasema.

Nikamwambia Mama Neema amwambie. Akasema, "Mimi mwanawe nimwambie anatukanwa kila alfajiri? Wewe ndiye fundi." Nikamwendea shemeji wa lori, yeye ana taaluma. Akasema yeye ni mdogo.

Basi asubuhi yake nikaenda mwenyewe, mzee anakagua matairi, magunia yameshapangwa. Nikazunguka kwa mbali, nikaanza na hali ya lami, nikaja kwenye springi, nikasema mzigo ukikaa nyuma taa hutazama juu, si vibaya tukazishusha kidogo.

"Zishuke ziende wapi?" akauliza. "Nimetoa mbuzi mzima nimulike bampa?"

"Kidogo tu, baba. Ili hata wale wa malori waone vizuri."

Akanitazama. Mpaka leo sijui alielewa nini pale, au kama alikuwa ameelewa siku nyingi. Akafungua boneti yeye mwenyewe. Nikazungusha skrubu ya kushoto, nikahamia ya kulia, na kabla sijafika nilikotaka akaweka mkono juu ya boneti akasema, "Inatosha, Baba Neema. Tusiwafundishe dharau."