Skii za mbao na pua ya mtoto wa Lamu

Nilizipata kwenye soko la mitumba hapa Lillehammer, Norwei, skii za mashindano za zamani, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji: nyembamba, sentimita 210, tabaka za mbao zilizogundishwa, na upande wa chini hikori, mti mgumu. Za aina hii zilianza kuachwa baada ya ubingwa wa dunia wa skii wa 1974 kule Falun, Uswidi, Msweden Thomas Magnusson aliposhinda mbio za kilomita 30 kwa skii za faibaglasi.

Kabla ya kulipa nilizibananisha tumbo kwa tumbo. Katikati lazima pabaki uwazi, maana ule upinde ndio roho ya skii. Ulikuwapo. Ncha moja tu ilikuwa imeachana. Nikatia gundi, nikabana kwa klempu hadi asubuhi. Vishika viatu vilikuwa vile vya pini tatu vya Bror With, vya tangu 1927, viitwavyo Rottefella, yaani mtego wa panya. Kimoja kilinifyatukia kidoleni nikalielewa jina.

Kazi ilikuwa kwenye lami ya msonobari, inayopakwa chini ya skii ili mbao isinywe maji. Nilipofungua kopo, pua ilinirudisha pwani, mjomba akipaka jahazi sifa, yale mafuta ya samaki. (Sifa inanuka zaidi, tusidanganyane.) Basi nikapaka kama tulivyokuwa tukipaka deheni, mafuta na chokaa, chini ya jahazi: nzito, bila huruma. Kesho yake sikuteleza hata hatua kumi. Theluji iling'ang'ania chini kama ugali kwenye mwiko.

Mzee jirani alipitisha kidole, kikatoka cheusi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia mbao inywe ishibe, kinachobaki nifute.

Nikakwangua yote, nikaanza upya. Unapaka kidogo, unapitisha moto wa gesi juu yake. Lami ikianza kutoa vipovu, unafuta papo hapo kwa kitambaa, unasogea mbele shubiri moja. Moto usitulie. Mimi niliutuliza kidogo, na alama nyeusi ya ukubwa wa shilingi ipo mpaka leo. Nilirudia mara tatu, kisha nta ngumu ya bluu, ya kushika theluji, chini ya wayo tu, nikaisugua kwa kizibo.

Safari hii zilishika mlimani na kuteleza bondeni. Watoto wa shule walinipita kwa faibaglasi zao, sikujali.

Sasa zimefungwa ncha na mkia, kigogo kikiwa katikati ili upinde usife. Mama watoto analalamika kwamba stoo inanuka jahazi.