Nilikwenda Berlin kumtazama Nduna Songea

Basi la Dar es Salaam huondoka Songea gizani. Februari 2024 nilipanda nikiwa na begi moja na koti zito la kuazima, pembeni yangu mama mmoja na kuku wake wawili ndani ya kikapu. Njombe tulipita kwenye ukungu, Makambako tukanywa chai, Iringa jua likawaka. Tukashuka Kitonga taratibu, dereva akipiga honi kila kona. Ni karibu kilomita 1,000 hadi stendi ya Magufuli, na njia nzima mama yule alikuwa ananiuliza jambo lile lile: Ulaya kote huko unafuata nini, mwalimu?

Nikamwambia nafuata sinema. Alinitazama kwa huruma.

Nafundisha historia. Miaka mingi nimewapeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Majimaji, tukasimama kwenye kaburi la pamoja la wapiganaji wa Kingoni, kisha kwenye kaburi la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, lililo peke yake. Nawaeleza kwamba Wajerumani walimnyonga, na kwamba kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka wote walionyongwa mwaka 1906, zaidi ya watu 60 pale Songea. Nawaeleza habari za pamba ya kulazimishwa, za mganga Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe na maji yake yaliyoaminiwa kuzuia risasi, za vita vya Majimaji vilivyoanza 1905 na kuendelea hadi 1907, na za watu wanaokadiriwa kufika 300,000 waliokufa, wengi kwa njaa baada ya askari wa Kijerumani kuchoma mashamba na maghala. Hayo yote nayajua kwa moyo. Ila kwamba Nduna alizikwa bila kichwa nilikuwa nikilitaja upesi na kuendelea mbele. Wanafunzi wakiuliza kichwa kiko wapi, nawaambia kilipelekwa Ujerumani, basi, kama vile Ujerumani ni kisima kisicho na chini.

Kisha mtoto wa kaka yangu, anayesoma Berlin, akanipigia simu. "Shangazi, tamasha la filamu la huku, Berlinale, mwaka huu lina filamu ya makala kuhusu Songea. Kuhusu kaburi lile. Njoo tuangalie wote."

Berlinale hufanyika mwezi wa pili, wakati baridi ya Berlin inapenya hadi kwenye meno. Kitovu chake ni Potsdamer Platz, uwanja wenye majengo marefu ya vioo, na siku zile watu walikuwa wamejipanga mistari mirefu wakiwa na tiketi kwenye simu. Mwenyekiti wa majaji mwaka ule alikuwa Lupita Nyong'o, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na nilipoliona jina lake kwenye bango nilimwomba kijana wangu anipige picha.

Filamu yetu inaitwa Das leere Grab, yaani kaburi tupu. Imeongozwa na wanawake wawili, Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani na Cece Mlay wa kwetu Tanzania. Sikujua nitegemee nini. Taa zikazimwa, na sauti ya kwanza iliyonigusa ilikuwa ya Kiswahili. Kiswahili cha kawaida kabisa, cha watu wanaozungumza nyumbani kwao, na Wajerumani waliojaa ukumbini ndio waliolazimika kusoma maandishi chini ya picha ili waelewe. Nililia mapema mno. Kijana wangu alinishika mkono.

Ndani yake mwanasheria wa ukoo wa Mbano na mkewe wanakitafuta kichwa cha babu yao, hadi wanafika Berlin. Ukoo mwingine, wa Wameru, unatafuta mabaki ya Mangi Lobulu, chifu wao aliyenyongwa mwaka 1900. Nilichokipenda ni kwamba kamera haina haraka. Inakaa na watu kwenye vikao vya ukoo, inakaa nao wakiwa kwenye ofisi za kigeni ambako kila mtu ana adabu na hakuna mwenye jibu. Nimesoma vitabu vingi kuhusu vita vya Majimaji, lakini sikuwahi kuiona sura ya mtu anayemlilia marehemu wa zaidi ya miaka mia moja kama aliyefariki juzi. Maana huyo hajazikwa. Kwetu msiba hauishi mpaka marehemu azikwe, na huu haujaisha mpaka leo.

Baada ya filamu msichana mmoja alinisogelea mlangoni. "Shikamoo mama. Samahani, nimesikia unatoka Songea." Yeye alizaliwa Ujerumani, mama yake ni wa Moshi. Tulikaa naye kwenye ngazi na kuzungumza hadi walinzi wakatuomba tutoke. Alinieleza kwa utulivu jambo nililokuwa nalijua nusu nusu. Vichwa havikuchukuliwa kama kumbukumbu za ushindi tu. Vilikuwa malighafi. Pale Berlin alikuwapo Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho aliyeagiza mafuvu kutoka makoloni ili yapimwe na binadamu wapangwe kwa mbari. Huyu huyu ndiye mwenye vile vigae 36 vya kioo vya kulinganishia rangi ya ngozi, kutoka nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa. Mkusanyiko wake binafsi uliuzwa New York baada ya kifo chake. Ule wa makumbusho ulibaki Berlin, na watafiti walipouchambua karibuni walikuta mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda na zaidi ya 200 ya Tanzania. Septemba 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya watu hao, Wachaga, na fuvu moja likabainika kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga. Kwa hiyo inawezekana. Cha Nduna Songea bado hakijaonekana.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nawaza namba. Mtu mwenye jina, wake, watoto, na mji uliokuja kuitwa kwa jina lake, anaandikiwa namba kwa wino kwenye paji la uso.

Siku iliyofuata nilitaka kwenda Brunnenstraße, kwa sababu ya mtu mwingine. Miaka ya nyuma niliwahi kuona filamu ya makala ya mwaka 2013 ya mwongozaji Eva Knopf kuhusu Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto aliingia kwenye jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ambayo hawakulipwa. Hakupewa. Akabaki huko, akawa mhudumu kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili, na akaigiza kwenye filamu nyingi za Kijerumani, karibu zote katika nafasi za mtumishi au mbeba mizigo anayepita nyuma ya Mzungu. Haus Vaterland ilikuwa pale pale Potsdamer Platz. Nilipolikumbuka hilo nilisimama kwenye theluji iliyoyeyuka nikatazama ile mistari ya watu wa filamu, nikamwona amebeba sinia.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka 1941, ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alifungwa kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mbele ya namba 193 kuna kijiwe cha shaba cha kumkumbuka kwenye njia ya watembea kwa miguu, ukubwa wa kiganja. Watu wanapita, mbwa wanapita. Nilipiga magoti nikakifuta kwa skafu. Sikuwa na ua. Nikamsalimia tu kwa Kiswahili, nikasema nimetoka nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini filamu ya jana yake ilinitikisa vile. Kamera ile ile iliyomtumia Mahjub kama pambo la uongo wa wengine, sasa imo mikononi mwa mwanamke wa Kitanzania, na anayepita nyuma na mizigo hayupo tena. Sisemi kwamba filamu inarudisha kichwa. Ila ofisi inayoweza kuacha barua miaka kumi bila jibu hupata shida kumkwepa mtu ambaye ukumbi mzima umeshamwona akilia.

Nyingine nilizoziona sitazisimulia zote. Dahomey ya Mati Diop lazima niitaje, kuhusu vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Paris mwaka 2021. Sanamu ya Mfalme Ghezo inazungumza gizani kwa Kifon, na wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana kwa nguvu kama vitu 26 ni heshima au ni dharau. Wanabishana kama wanafunzi wangu wanavyobishana, wakikatana maneno. Ningetamani filamu nzima iwe ubishi ule.

Alasiri yangu ya mwisho tulitembea hadi Wilhelmstraße, si mbali na kumbi za tamasha. Jumba ambamo Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliwakutanisha wakubwa wa mataifa tangu Novemba 1884 kupanga kuigawana Afrika halipo tena. Limebaki bango la maelezo, nyuma yake majengo ya kuishi, na siku ile mtoto alikuwa akijifunza baiskeli hapo. Nililisoma bango mara mbili. Mkataba ulisainiwa tarehe 26 Februari 1885, hakuna Mwafrika aliyekuwa mezani.

Usiku wa tarehe 24, nikisubiri ndege ya kuunganisha Istanbul, simu ilinipa habari kwamba Dahomey imepata Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu. Nilifurahi peke yangu katikati ya watu waliolala sakafuni.

Tarehe 26 nilikuwa ndani ya basi tena, napanda Kitonga, nikilifikiria lile bango. Usiku nikafika Songea.

Asubuhi ya tarehe 27 nilikwenda makumbusho na wanafunzi wa kidato cha tatu. Miezi michache kabla, tarehe 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa amesimama eneo hilo hilo akaomba msamaha, akaahidi kwamba kichwa kitatafutwa bila kuahidi kwamba kitapatikana. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Tulipofika kwenye kaburi la Nduna, mvulana mmoja aliyezoea kukaa nyuma darasani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kichwa kiko wapi?"

Niliwaambia wakae kwenye nyasi. Nikaanza na Luschan na vigae vyake 36.