Kufuli Nisiloliomba

Kompyuta mpakato ile ilikuwa mpya kiasi kwamba sikuwa nimebandua hata plastiki ya kifuniko chake, pale ilipoamua kwamba hainijui. Usiku uliotangulia ilikuwa imejisasishia BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, na asubuhi, badala ya kuniomba nywila, ikaniletea skrini ya bluu iliyodai ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48. Sikuwahi kuweka kufuli lolote kwenye diski, wala hakuna aliyeniuliza kama ninalitaka.

Rafiki yangu mmoja aliye fundi alifanya kile ambacho mafundi wamekifanya miaka yote: alifungua skrubu za chini, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kwa kasha la USB. Diski ilionekana, hata ukubwa wake ulisomeka, lakini tulipoibofya tulikutana na dai lile lile la tarakimu 48.

“Hii imesimbwa, ndugu yangu,” akasema, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke. “Bila ufunguo, hata umpelekee nani.”

Akanieleza kwamba siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya mtandaoni, ambayo bila hiyo mashine ilikataa kuendelea, mfumo endeshi ulianza kuisimba diski nzima kimyakimya. Ufunguo hulindwa na chipu ya usalama iitwayo TPM, ambayo huutoa pale tu inaporidhika kwamba hatua za kuwaka kwa mashine hazijabadilika. BIOS ikibadilika bila ulinzi huo kusimamishwa kwanza, chipu inaweza kugoma kana kwamba imemwona mwizi.

Ufunguo wa akiba ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ile ile. Niliingia kwa simu, nikalinganisha herufi 8 za mwanzo za kitambulisho chake na zile za kwenye skrini, kisha nikaanza kuandika makundi 8 ya tarakimu sita sita. Kila kundi hugawanyika kwa 11 bila baki, hivyo ukikosea tarakimu moja unakataliwa papo hapo, na huo ndio wema pekee niliouona asubuhi ile.

Sina ugomvi na usimbaji wenyewe, kwa maana kompyuta ya kubebwa huibwa, na mwizi hana haki ya kusoma barua zangu. Kilichonikera ni kile kimya. Mtu akikubadilishia kitasa cha nyumba yako na kuuweka ufunguo mahali asipokuambia, humwiti mlinzi. Na je, yule aliyewashiwa mashine na muuzaji, kwa akaunti ya muuzaji, angeutafuta wapi?

Diski ilipofunguka niliuzima usimbaji, nikaitazama asilimia ikisogea taratibu hadi kazi ikaisha. Baadaye niliuwasha tena, safari hii kwa hiari yangu, na kwa kuwa ufunguo uliotolewa ulikuwa mwingine kabisa, niliuandika kwenye karatasi kabla ya kuizima mashine.